Usimalize akiba yote kwenye bei ya kununulia

Ndugu, umeuliza kama utoe akiba yako yote kununua pikipiki kubwa ya safari, Honda Gold Wing ya 2003 yenye kilomita 90,000. Usifanye hivyo. Mimi ningebakiza angalau robo kwa ajili ya mwaka wa kwanza.

Injini hainitishi. Ile ya silinda sita, lita 1.8, ikimwagwa oili kwa wakati inadumu sana, kwa hiyo kilomita 90,000 zisikukoseshe usingizi. Kinachokula hela ni tairi. Chombo kinazidi kilo 360 kabla hujapakia abiria na mizigo, na tairi la nyuma ndilo linalobeba adhabu. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, yaani ule unaoanza na herufi hizo ubavuni mwa tairi: 2317 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la umri huo, hata kama si kipara, lihesabu kama la kubadilisha na umwambie muuzaji apunguze bei.

Cheni hutanunua, maana inatumia shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni. Ila usifurahi mapema: hata kufikia kichujio cha hewa ni kufungua plastiki nyingi, na fundi anayelipwa kwa saa hana haraka! Jifunze kufungua mwenyewe. Mafuta ya breki badilisha kila miaka 2.

Bima? Uliza bei yake kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza. Na ukienda kuikagua, ikute injini ikiwa ya baridi, maana ikiwa ya moto huficha ugumu wa kuwaka. Muuzaji akiwa ameshaiwasha, rudi siku nyingine.