Andikeni Mlichokubaliana Kabla ya Kutia Saini

Kazi yangu hapa Toronto ni kutunza kumbukumbu za kampuni ndogo ndogo: daftari la wanahisa, maazimio ya wakurugenzi, mihutasari ya vikao. Wateja wengi ni watu wa kwetu wenye malori, saluni na maduka ya vyakula, na wengi wanaamini kwamba hati ikiwaletea kodi wasiyoitarajia, jaji ataibadilisha. Jamani, hilo lilishapita.

Lilikuwa na msingi wake zamani. Mwaka 2000, katika kesi ya Juliar, Mahakama ya Rufani ya Ontario iliwaruhusu wanandoa kugeuza hati za uhamisho wa hisa zao ili malipo yawe hisa badala ya hati ya ahadi ya kulipa, kwa kuwa tangu mwanzo hawakukusudia kodi itozwe papo hapo. Kisha ikaja kesi ya Fairmont, kampuni ya hoteli. Mwaka 2007 wakurugenzi walipitisha maazimio ya kukomboa hisa za kampuni zake tanzu, yaani kampuni hizo kuzichukua tena hisa hizo kwa kuzilipia, kodi ikaibuka, wakaomba maazimio yasomeke kuwa ni mkopo. Mahakama za Ontario zikawakubalia. Mahakama ya Juu ya Canada, tarehe 9 Desemba 2016, ikakataa kwa majaji 7 dhidi ya 2: maazimio yaliandika sawasawa kilichoamuliwa, na nia ya kuepuka kodi peke yake si makubaliano. Mwaka 2022, katika kesi ya Collins, waliotaka muamala mzima ufutwe kwa sababu ya kodi nao wakakataliwa.

Naona mahakama ilitenda haki. Mwenye duka asiye na wakili halipwi fidia akichagua njia yenye kodi kubwa. Kwa nini kampuni kubwa irudi nyuma na kuchagua upya?

Kinachosahihishwa ni hati iliyokosea kunakili. Nina wateja wawili, mtu na kaka yake, ambao azimio lao lilichapwa kwamba kila mmoja alipwe gawio, yaani mgao wa faida kwa mwenye hisa, la dola 80,000. Wao walikubaliana kurudishiwa mkopo walioikopesha kampuni, na mkopo haukatwi kodi unaporudishwa. Tulipopekua tukakuta barua pepe waliyomwandikia wakili kabla ya azimio: “Turudishiwe kwanza mkopo wetu, 80,000 kila mmoja. Gawio tungoje mwakani.” Mkopo wenyewe ulikuwamo vitabuni. Wakili akaviambatanisha vyote kwenye ombi la mahakamani, akawajulisha watu wa mamlaka ya kodi, na amri ya kusahihisha ikatoka.

Mteja mwingine alikuwa na ujumbe mmoja tu kwa mhasibu: “Hakikisha hatulipi kodi.” Wakili alimshauri asipoteze hela zake mahakamani.

Ukigundua kosa, usichape azimio jipya ukaliwekea tarehe ya zamani. Hilo ni kughushi, na utakuwa umeharibu hata ushahidi uliokuwa nao. Acha hati ilivyo, kusanya barua zote, mwone wakili mapema.

Na kabla wakili hajaanza kuchapa azimio, mtumieni barua pepe, hata ya mistari mitatu: nani analipwa, kiasi gani, na kama ni mkopo, gawio au mshahara. Azimio likirudi, lisomeni neno kwa neno mkiwa na barua hiyo mkononi, ndipo mtie saini.