Maswali yenu: Vyumba sita, choo kimoja

*Marehemu mume wangu ameniachia nyumba ya vyumba sita Tandika, Dar es Salaam. Nipangishe familia moja au chumba kimoja kimoja? – Bi Mkubwa*

Shikamoo mama. Pangisha chumba kimoja kimoja. Familia ya kuchukua nyumba nzima hapo utaisubiri sana. Ila kabla ya kuhesabu kodi, hesabu watu. Kila chumba baba, mama na watoto wawili, hao ni watu 24, na choo ni kimoja uani. Saa kumi na moja alfajiri kuna foleni na ndoo, kila mtu anawahi daladala. Masika yakiingia shimo linafurika, unaita gari la kunyonya, na kodi ya chumba kizima imekwenda na maji machafu. Halafu anayehama wa kwanza ni yule anayelipa kwa wakati, maana ana uwezo wa kupata kwingine. Unabaki na wa "nitakupa Ijumaa". Jenga choo cha pili kwanza, marumaru baadaye.

*Nidai kodi ya mwaka mzima? – Mbagala*

Miezi mitatu. Ukikomaa na mwaka, chumba kitapangwa na popo.

*Wapangaji wangu watano wanagombania mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) kila mwezi. Nifanyeje? – Buguruni*

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Funga mita ndogo kila chumba, au ukiweza, omba shirika la umeme, TANESCO, mita zinazojitegemea. Mkichangia mita moja mnavuka uniti 75 kwa mwezi, na hapo bei ya uniti inaruka karibu mara tatu. Mwenye taa moja na chaja ya simu anamlipia jirani friji na pasi.

Na kwa kuwa umeligusa: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Hilo ni deni lako wewe mwenye nyumba, mpangaji anakutangulizia tu anaponunua umeme. Mpunguzie kwenye kodi ya chumba. Wengi wenu mnajifanya hamlijui hili, ila siku ya kupandisha kodi hamsahau. Ukiongeza mita, hakikisha hukatwi kila mita kwa jengo lile lile.

*Mpangaji hajalipa miezi minne. Naruhusiwa kung'oa mlango? – Manzese*

Usiuguse. Mpe notisi ya maandishi, nakala peleka serikali ya mtaa, akikaidi nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukimtolea godoro nje, kesho yeye ndiye mlalamikaji, na atadai hadi televisheni ambayo hakuwahi kuwa nayo. Baraza litakuuliza mkataba. Najua, "tuliaminiana". Basi endeleeni kuaminiana. Karatasi mbili, sahihi, picha ya kitambulisho cha NIDA na shahidi mmoja, mnashindwa nini? Dalali mnampa kodi ya mwezi mzima bila kinyongo, karatasi mnaziona gharama.

*Nataka kukopa nijenge vyumba kumi vya wanafunzi Changanyikeni. Inalipa? – Kijana wa Sinza*

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko jirani, wateja wapo. Lakini likizo ndefu wanarudi kwao, na marejesho ya benki hayaendi likizo. Piga hesabu kwa miezi tisa ya kodi, si 12. Ikikubali, kopa. Isipokubali, anza na vyumba vinne kwa fedha yako.

Tena umenichorea ramani nzuri, na kisima na maegesho ya bodaboda. Choo sijakiona.