Barua kwa mwanangu: kitambaa kinamwokoaje mtu?

Mwanangu,

Swali lako sikutaka kulijibu kwa ujumbe wa simu. Umesema umesikia watu wakisimulia jinsi wanawake wa Timor-Leste, nchi ndogo ya kusini-mashariki mwa Asia, walivyoinusuru jamii yao kwa kufuma tais, yaani nguo zao za asili za kufumwa kwa mkono, nawe ukashangaa: watu wameuawa, miji imeteketezwa, kitambaa kinamwokoaje mtu? Ukaona nitajua, kwa kuwa nilikuwa Dili, mji wao mkuu, na Wakenya wenzangu chini ya Umoja wa Mataifa baada ya moto wa 1999.

Kitambaa hakikuzuia risasi hata moja, hilo na tulikubali mapema. Indonesia ilivamia tarehe 7 Desemba 1975, siku chache tu baada ya Watimor kujitangazia uhuru kutoka kwa Wareno, ikakaa miaka 24. Tume yao ya ukweli ilikadiria kwamba watu wasiopungua 102,800 walikufa kutokana na vita hivyo, wengi wao kwa njaa na maradhi. Jeshi liliwashusha watu kutoka milimani likawarundika kambini, mbali na mashamba. Na ukimtoa mwanamke shambani kwake umemtenga pia na pamba yake, na nili yake ya rangi ya buluu, na magome ya miti anayochemshia rangi.

Lakini ufundi wenyewe huwezi kumpokonya mtu kirahisi. Mfumaji wa Timor huketi chini, miguu ameinyoosha mbele, ukanda mpana umemshika kiunoni kwa nyuma. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zinatoka kwake hadi kwenye gongo lililofungwa mbele yake. Akiegemea nyuma zinakazika, akiinama zinalegea. Yaani mwili wake ndio nusu ya mtambo. Anapitisha mshindio, uzi wa kukingama, kisha anaugonga kwa ubao mwembamba kama upanga. Vijiti vichache, kamba na mgongo wake, basi. Nyumba ikichomwa leo, vijiti vingine vinachongwa kesho.

Kazi ngumu hutangulia ufumaji. Kwa nguo za futus, yaani zenye michoro ya kufunga na kutia rangi, nyuzi hufungwa vifundo vidogo vidogo kabla ya kutiwa rangi, ili palipofungwa rangi isiingie. Akifungua, ua au mjusi au mamba ameshatokea kwenye nyuzi ambazo hata hazijafumwa. Hakuna mchoro wa karatasi. Msichana anakaa karibu na mama au nyanya yake akitazama mikono, miaka kwa miaka, na kila eneo lina namna yake.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliamini mimi. Mtawala wa kigeni anaweza kubadilisha bendera na lugha ya shule, na Indonesia ilifanya yote mawili: Kireno kikapigwa marufuku shuleni. Ila ndoa na mazishi hayakupita ofisini kwake. Kwa desturi ya barlake, yaani kupeana mali za ndoa, upande wa bwana harusi hutoa nyati, farasi, panga za kale na sahani za dhahabu au fedha za kuvaliwa kifuani. Upande wa bibi harusi hujibu kwa nguruwe, shanga na tais. Akifa mtu, jamaa hufika na tais, na maiti hufunikwa kwa tais. Nani ni shemeji wa nani, nani ana deni kwa nani, nyumba ipi ilitoa binti kwa nyumba ipi: hesabu hiyo yote inapita kwenye nguo. Mwanamke aliyefuma wakati wa ukaliaji alikuwa anaifanya jamii yake iendelee kujuana. Hapo ndipo naliona neno kuokoa, mwanangu, wala si kwenye urembo wa nguo, ingawa ni nzuri mno.

Tarehe 30 Agosti 1999 walipiga kura, na asilimia 78.5 wakachagua kuachana na Indonesia. Wanamgambo waliokuwa upande wa Indonesia wakachoma nchi. Tulipofika, mtaa baada ya mtaa ulikuwa kuta tupu zenye masizi. Fikiria masanduku yaliyokuwa ndani ya nyumba hizo, yenye tais za mabibi waliokwisha kufa.

Wajane wengi hawakuwa na chochote cha kuuza isipokuwa ufundi huo. Wakafuma mitandio myembamba kwa ajili yetu sisi wageni, mingine ikiwa na jina la nchi limefumwa kwa herufi kubwa. Wapo wanaosema hiyo si tais ya kweli, ni bidhaa ya watalii. Mimi sikubaliani nao: ile pesa ndogo ilinunua mchele, na mikono haikusahau. Mwaka 2001 Kirsty Sword Gusmão, wakati huo mke wa kiongozi wa uhuru Xanana Gusmão, alianzisha Fundasaun Alola, taasisi ya kusaidia wanawake, ambayo mpaka leo husaidia wafumaji kupata soko.

Usidhani mambo yamekwisha. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka tais kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Vijana wanavaa nguo nyingine, na malipo hayalingani na kazi. Binti akiona mama yake amefuma wiki nyingi kwa dola chache, akaamua kutafuta kazi Dili, mimi simlaumu hata kidogo.

Ukinunua siku moja, tafuta vikundi vya wafumaji wenyewe. Uliza imefumwa wapi, na bei wanayokutajia usiipunguze.

Nakupenda,
Baba