Fundi wa Saiti Anajibu: njiwa wa Morogoro, picha za watoto na blogi ya marehemu baba

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na mengi yanafanana, kwaiyo nimechagua machache, marefu nimeyakata kidogo, na majina nimeyaacha kando kama mlivyoomba. Aliyeuliza bei ya kutengenezewa "saiti kama ya Facebook" namwombea heri.

Swali: Fundi habari za kazi. Nafuga njiwa hapa Morogoro, na nina blogi ya njiwa, naandika kuhusu banda, kuzaliana, magonjwa, na mambo ya nyumbani kidogo maana wajukuu ndo wanaolisha. Kijana mmoja alinitengenezea kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea blogi, na jina la .co.tz, nikamlipa vizuri tu. Sasa kila kitu kimesajiliwa kwa imeili yake, amehamia mkoa mwingine, simu anapokea siku akijisikia, na mwaka unakaribia kuisha. Nifanyeje? – Mzee wa Njiwa

Jibu: Shikamoo mzee. Kwanza usimkasirikie kijana, sio wote wana nia mbaya, wengi wanasajili kwa imeili yao kwasababu siku ile mteja hakuwa na imeili au alisahau paswadi na fundi anataka kazi iishe aende zake. Ila matokeo ni yaleyale, kwenye kumbukumbu za msajili, yaani kampuni inayosajili majina ya saiti, mwenye jina ni yeye na sio wewe uliyelipa.

Tenganisha vitu viwili, kuna jina la saiti na kuna hosting, yaani pale mafaili yanapokaa. Vinalipiwa tofauti, mara nyingine hata kampuni tofauti. Jina ndo njiwa na hosting ndo banda: banda utajenga jingine wiki hiihii, njiwa akishazoea kwa jirani ndo basi tena. Kwaiyo nguvu zote weka kwenye jina. Ingia sehemu ya whois ya rejista ya .tz, andika jina lako, itakuonyesha limesajiliwa kupitia kampuni gani na linaisha tarehe ngapi. Hiyo tarehe iandike ukutani.

Alafu mpigie kijana, lakini usimwombe "mambo yote ya saiti", maana hapo ataona kazi kubwa ataahirisha mpaka Krismasi. Mwombe kitu kimoja tu, abadilishe mwenye jina awe wewe, kwa imeili yako na namba yako. Mtumie na hela ya usumbufu, mzee, hata kama huoni kwanini, ni rahisi kuliko kugombana. Akikubali muombe aandike kwenye WhatsApp sio kwa mdomo tu. Akikataa au akipotea kabisa, iandikie ile kampuni uliyoiona kwenye whois, uwape zile meseji za malipo ya simu na mazungumzo yenu, hakuna uhakika watakusikiliza lakini bila ushahidi ndo hawatakusikiliza kabisa.

Na imeili utakayoweka isiwe ya jina hilohilo la saiti! Hili watu wazima na akili zao wanalifanya, jina linaisha, imeili inakufa pamoja nalo, alafu ukumbusho wa kulipa unatumwa kwenye imeili iliyokufa. Weka Gmail ya kawaida.

Wenye .com wanaosoma hapa, lenu likiisha huwa kuna muda wa kusubiriwa ambao kila kampuni ina wake, baada ya hapo siku 30 za kulikomboa kwa faini inayouma, kisha siku 5, ikipita hapo yeyote anabeba, na wanaobeba mara nyingi wanaweka kamari humo ndani na wasomaji wako wa njiwa wanakaribishwa na mikeka. La .tz lina ratiba yake, muulize msajili mapema.

Wakati unamsubiri kijana toa bakapu, yaani nakala ya akiba, leoleo. Ukiwa na paswadi ya kuingia kwenye WordPress nenda sehemu ya Tools, kisha Export, utapata faili lenye maandishi yako yote. Ila picha hazimo mle, faili linabeba anwani zake tu, picha zenyewe zinakuja kuvutwa kutoka saiti ya zamani ikiwa bado iko hewani. Ikishazimwa unabaki na maneno matupu. Kwaiyo picha za njiwa zipakue pembeni, folda nzima ya uploads kama una njia ya kuifikia, kama huna basi moja moja, waite wajukuu.

Swali: Nikibonyeza apdeti saiti inakufa inakuwa nyeupe, nisipobonyeza naambiwa nitahakiwa, wezi wa mtandao waingie. Nichague kifo gani? – Mpishi, Kigoma

Jibu: Bonyeza, ila sio zote kwa mpigo kama wengi wanavyofanya usiku wamechoka. Bakapu kwanza, alafu plagini (vile viprogramu vya nyongeza) moja, fungua saiti uone, alafu nyingine. Ikifa utajua nani kaua. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikipata hitilafu kubwa inakutumia imeili yenye linki ya kuingia kwa mlango wa nyuma uizime plagini yenye shida, sasa angalia ile imeili ya admini ni yako kweli (soma swali la mzee hapo juu). Imeili isipokuja, ingia kwenye hosting, file manager, wp-content, plugins, badilisha jina la folda ya ile plagini, weka hata x mbele, saiti inarudi. Na plagini usizotumia usizizime tu, zifute kabisa. Blogi ya mapishi yenye plagini 31 unapika nini humo?

Swali: Asalaam aleikum fundi. Niko Mombasa, nina blogi ya ushoni na malezi, tangu wanangu wakiwa wachanga naweka picha zao na vituko vyao na wasomaji wawapenda kama wao. Sasa kijana wangu wa miaka 14 hataki tena, ataka nizitoe hata za zamani, asema shuleni wamezipata wamcheka. Mavyaa wangu naye asema nawatia watoto jicho. Mume amenyamaza. Miaka yote hiyo ya kazi niifute? – Mama Cherehani

Jibu: Waaleikum salaam dadangu. Nitaanza na kijana maana ndo mwenye kesi. Zitoe. Sio zote siku moja, lakini kaa naye, mpe simu au kompyuta, apite mwenyewe aonyeshe hii itoke hii ibaki, na utashangaa, huenda zile unazodhani ni mbaya ataziacha na atakazotoa ni zile za kuogeshwa na karai na ile aliyolia akitahiriwa, ambayo kusema kweli na mimi ningeitoa. Maandishi yako hayaendi kokote, kisa cha mtoto aliyekataa uji kinasomeka vizuri tu bila sura yake wala jina lake.

Ukishatoa kwenye posti kumbuka picha yenyewe bado iko kwenye maktaba ya saiti, lazima uifute na huko, alafu Google nao wana fomu ya kuomba waondoe picha iliyobaki kwenye matokeo yao ya utafutaji.

Upande wa sheria, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na inasema taarifa za mtoto zisichakatwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Kwa wako mzazi ni wewe, na mambo ya nyumbani tu sheria haiyagusi, ingawa blogi iliyo wazi kwa dunia nzima na yenye matangazo ya vitambaa, mi nisingeegemea sana huo mlango. Hatari kubwa iko kwa watoto wa wenzio, wale wanaotokea nyuma kwenye picha za bathdei. Septemba 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wewe sio shule najua, lakini mama mwenzio akikasirika haendi kupima ukubwa wako kwanza. Muulize kabla, meseji moja tu.

Zile utakazoendelea kuweka, za vijora na magauni, kuna kitu wengi hawakijui, picha ya simu inabeba ndani yake mahali ilipopigwa ikiwa umewasha location, na WordPress haiondoi hilo kwenye faili la asili, yaani mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kuona kibarazani kwako ni wapi. Njia ya mkato ya fundi: jitumie picha WhatsApp kama picha, sio kama dokumenti, ukiidownload ile ya pili location imeshatoka na uzito umeshuka, kwaiyo umeua shida mbili maana picha ya mega nne haifunguki kwa msomaji wa bando la elfu moja. Angalia pia beji ya shule kwenye sweta. Na ya safari weka mkisharudi nyumbani, sio mkiwa bado Lamu na nyumba haina mtu.

La mavyaa siliwezi. Ila ukishatoa sura za watoto sioni atabaki na nini cha kusema, labda jingine.

Swali: Wanangu wananicheka, wanasema blogi zilikufa niende TikTok. Naandika kuhusu kupanda na kutengeneza baiskeli. Wana haki? – Baba Gia, Arusha

Jibu: Nusu. Ile enzi ya blogi ya Jikomboe ya Ndesanjo Macha, na Michuzi alipoanza yake 2005, ambapo watu walikuwa wanafungua blogi asubuhi kama gazeti na kubishana kwenye komenti mpaka jioni, imepita na ubishi wote umehamia WhatsApp. Lakini mtu ambaye cheni yake inaruka gia saa tatu usiku na kesho ana safari haendi kuangalia watu wanacheza, anaandika shida yake Google, na kama ulieleza hiyo kitu kwa Kiswahili vizuri miaka minne iliyopita anakukuta. Video ya juzi nani anaikumbuka. Endelea kaka, na kwenye komenti washa kichujio cha taka, Akismet kinatosha, maana naona umeacha wazi na humo wanauza viagra kuliko wanavyoulizia tairi.

Swali: Nina blogi ya bustani Moshi, naambiwa bila leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, nitafungwa. Kweli? – Mama Maua

Jibu: Hofu hiyo ina mizizi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka leseni kwa wenye blogi, na ada ilikuwa shilingi milioni kwa mwaka ukiacha ya maombi na ya kuanzia, watu wengi wa hobi kama wewe wakafunga kimyakimya. Zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022, na mwelekeo wa marekebisho hayo ni leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Waridi na mbolea ya samadi sio habari na matukio. Ila siku ukianza kuandika diwani kafanya nini na barabara ya mtaani kwenu umehama kundi, na kanuni hizi huguswaguswa kila baada ya muda, kwaiyo kabla ya kulala kwa amani tembelea ofisi ya TCRA ya kanda au waandikie uwaulize kwa maneno yako, upate jibu la maandishi.

Swali: Fundi, baba yetu amefariki miezi miwili iliyopita. Alikuwa na blogi ya Blogspot, anaandika mambo ya bao, mechi za kijiweni, na visa vya sisi tukiwa wadogo. Hatuna paswadi. Ndugu mmoja anataka tukae tubahatishe mpaka ifunguke. Tunataka isipotee. – Wanawe, Tanga

Jibu: Poleni sana. Mungu amrehemu mzee.

Mwambieni ndugu aache kubahatisha leo. Google ikiona majaribio mengi kutoka simu ngeni inafunga zaidi na hata yule mwenye haki atasumbuka. Cha kwanza ni laini yake ya simu, na hapa ndo familia nyingi zinachelewa. Laini ikikaa miezi bila kutumika kampuni inaifunga na namba anapewa mtu mwingine, na zile tarakimu za kuthibitisha za Google zinakwenda kwenye namba ile. Iwekeni vocha, ipigeni, na mzungumze na kampuni ya simu kuhusu laini ya marehemu mkiwa na cheti cha kifo.

Cha pili hakihitaji paswadi. Blogi iko wazi, basi ingieni web.archive.org, kuna sehemu ya kuhifadhi ukurasa, mnabandika anwani ya posti moja moja na nakala inabaki kwa Internet Archive hata Blogspot yenyewe ikiondoka kesho. Inachosha lakini gawaneni miaka, huyu 2009 yule 2010. Zile za bao mzipige na chapa kabisa, PDF, mziweke kwenye fleshi mbili zikae nyumba mbili tofauti.

Cha tatu, simu au kompyuta yake ikiwa bado imeingia kwenye akaunti, hamna haja ya paswadi kwa sasa, nendeni Google Takeout, sehemu ya kupakua vitu vyote vya akaunti, mkapakue Blogger (ndo Blogspot yenyewe) na picha, ingawa huenda ikadai paswadi katikati na hapo mtasimama. Kama mlango huo umefungwa, Google wana fomu ya familia ya marehemu, wanataka vyeti na wanachukua muda wao, na sio lazima wakubali. Msiliache likae sana maana tangu Desemba 2023 akaunti isiyotumika kwa miaka miwili wanaweza kuifuta.

Na ile simu yake msimpe mtoto yeyote acheze wala msiipeleke kwa fundi wa mtaani kuflashiwa kabla hayo yote hayajaisha, chajini iwe inawaka.