Semina ya ulinzi wa mtoto usharikani, naanzia wapi?

SWALI: Habari za kazi afisa. Mimi mwalimu wa sandei skuli, usharika wetu uko Iringa vijijini. Mchungaji kanipa kazi ya kuandaa semina ya ulinzi wa mtoto Jumamosi moja, watu kama 80, wazee wa kanisa, kwaya, wazazi, wote pamoja. Hela iliyopo ni ya chai na chakula tu. Nianze na mada gani? Halafu kuna mzee anasema tutalichafua kanisa, nimjibuje?

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kuipokea hii kazi. Mimi niko ustawi wa jamii na semina za makanisani nimeendesha nyingi, naomba mada uziache kwanza. Kabla hata ya ratiba nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu, kisha Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi cha karibu, waambie tarehe, chukua namba zao, na omba mmoja awepo, maana siku hiyo kuna mtu atakuja kukuambia jambo zito na lazima uwe unajua unampeleka wapi.

Kuna semina moja tulikuwa mapumziko ya chai, bibi mmoja akanifuata, kikombe kimejaa hajakigusa, maandazi kayafunga kwenye ncha ya kanga anampelekea mjukuu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "mwanangu, na akiwa ni mtu wa humu humu?" Kumbe alishaenda kwa wazee mara mbili anaambiwa asubiri litaongelewa kifamilia. Bahati afande wa dawati alikuwepo benchi la nyuma kavaa kiraia, tukakaa naye pembeni, na jioni ile ile mtoto akafika hospitali. Mtoto akibakwa dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, sasa piga hesabu kikao cha wazee kinakaa lini.

Watu 80 ni wengi mno, hakuna atakayefungua mdomo. Anza na 25 hivi wanaoshika watoto moja kwa moja, walimu, viongozi wa kwaya, wazee, na mlinzi usimsahau, wazazi waje Jumamosi nyingine. Wape karatasi kubwa na makapeni wachore kiwanja cha kanisa, ofisi, choo, stoo ya vyombo, njia wanayopita watoto wakitoka mazoezi ya kwaya usiku, halafu waweke alama nyekundu kila sehemu mtoto anaweza kubaki na mtu mzima mmoja bila kuonekana. Hapo usihutubie, kaa kimya uwasikilize, wataanza wenyewe kuulizana ufunguo wa stoo anao nani na kwenye mkesha watoto wanalala wapi na nani.

Mchana fanyeni igizo la mtoto anayekuja kusema. Msikilize, usimhoji kama polisi, usimwahidi siri, usimwite mtuhumiwa muwapatanishe, mambo ya kulipana ng'ombe yasitajwe kabisa. Na kila mtu atoke na namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure.

Huyo mzee usibishane naye mbele za watu, mfuate nyumbani. Mwambie Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa aifikishe serikali za mitaa, na mzee wa kanisa ni mwanajamii. Mwambie pia utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na watoto kama hao wanaimba kwenye kwaya zetu. Wengi wakishasikia hivyo wanalegea, wengine huwa wana mjukuu wanayemfikiria.

La mwisho, mchungaji asije akafungua kwa sala akaondoka. Akae mpaka jioni, na yeye achore.