Droo za nyuma ya pikapu hapa Pwani: achana na reli za gololi

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelielewa hivi: una pikapu ya Isuzu D-Max dabo kebini ya kazi, unabeba vifaa vya umeme na pampu kati ya Malindi, Gongoni na mpaka Mokowe, umechoka kupanda nyuma na kufukua mizigo kutafuta spana moja, na unataka kujua kama uagize droo za kiwandani au umpe seremala wa hapa akutengenezee. Waliotangulia kujibu wengi wamesema uagize. Mimi nasema tengeneza hapa hapa, ila usimwachie fundi aamue kila kitu. Kazi yangu ni kama yako, pampu za sola na mabomba, na gari langu hulala nje upande wa Shela ya hapa Malindi, upepo wa bahari ukilipiga usiku kucha. Ninayoandika yametoka kwenye droo ninazozitumia.

Hili la kuagiza nilimalize haraka. Droo za DECKED za Marekani ni kazi safi: kila droo imepewa uwezo wa pauni 200, yaani kama kilo 90, na mwili wake ni plastiki ngumu yenye fremu ya chuma. Lakini zimetengenezwa hasa kwa pikapu zinazouzwa kule kwao. Ukienda kwenye aina za Australia utapata za kutosha gari lako, ila utalipia nauli ya sanduku kubwa ambalo ndani ni hewa tupu, halafu ushuru, na siku komeo likivunjika unaanza kuandikiana barua pepe na watu waliolala wakati wewe uko kazini. Kuna jambo moja tu la kuiga kutoka kwa hao Wamarekani: droo zao hazitembei kwenye reli za gololi, zinatembea juu ya magurudumu. Shika hilo.

Maana seremala wako, neno la kwanza atakalokwambia ni reli za gololi. Ndizo anazofunga kwenye kabati za jikoni na madawati ya ofisi, na huko zinafaa kweli. Nyuma ya gari la Pwani zina maadui watatu. Wa kwanza ni chumvi. Reli nyingi za madukani ni chuma laini kilichopakwa zinki nyembamba. Zinki ikishaliwa, gololi zinashika kutu na droo inaanza kulia. Wa pili ni vumbi. Ile grisi ya kiwandani inanasa vumbi la barabara zisizo na lami, na vikichanganyika unapata msasa wa kujipaka, unaosaga reli kila ukivuta droo. Wa tatu watu hawamfikirii: chesisi ya pikapu hujipinda. Ukipita shimoni gurudumu moja likapanda na jingine likashuka, bodi nayo inajinyonga kidogo. Reli mbili zinataka kulala sambamba kabisa. Bodi ikijinyonga, zinabana, na ukikuta umeegesha kwenye mteremko wa kando ya barabara, droo haitoki hata uvute na mtu wa pili.

Kwa hiyo mimi natumia mtelezo wa plastiki. Chukua ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, mkubwa na mnene kadiri utakavyoupata, ukate vipande vya upana wa sentimita mbili au tatu. Vifunge kwenye sakafu ya sanduku, lile linalobeba droo, kwa skrubu ambazo vichwa vyake vimezama chini ya uso wa plastiki. Chini ya droo, pale panapokutana na plastiki, sugua mshumaa mkavu. Basi. Hakuna cha kushika kutu, hakuna grisi, na vumbi likiingia unalifuta kwa kitambaa. Droo ya kilo 50 utaivuta kwa nguvu kama ya kuinua kilo 10 hadi 15, kazi ambayo mkono mmoja unaiweza.

Ikiwa droo yako itabeba zaidi ya kilo 60 hivi, weka beringi. Namba ya kuulizia dukani ni 608, zile za viatu vya magurudumu: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, kwa hiyo bolti ya milimita 8 inaingia sawasawa. Omba zilizofunikwa kwa raba pande zote mbili. Zitakufa siku moja kwa chumvi, lakini ni rahisi, na unabadilisha moja moja bila kufungua sanduku zima. Mbili zikae kwenye mdomo wa sanduku, mbili nyuma kabisa chini ya droo yenyewe.

Sasa vipimo. Bodi za dabo kebini nyingi zina urefu wa karibu mita 1.5, na kati ya matuta ya magurudumu, ile mivimbe ya bati inayofunika magurudumu ndani ya bodi, kuna kama mita 1.1. Usinukuu namba hizi kwa fundi, pima gari lako, tena pima baada ya kutoa ile plastiki ya kufunika bodi. Tuseme umepata upana wa milimita 1,100 kwa nje ya sanduku. Kuta tatu za plaiwudi ya milimita 18 zinakula 54. Zinabaki 1,046, kila droo nafasi ya 523. Acha milimita 3 kila upande, droo iwe 517 kwa nje. Fundi atakwambia milimita 3 ni nyingi, kazi itaonekana imelegea. Mwambie masika yanakuja. Droo iliyobanana vizuri wakati wa kaskazi, Mei itakataa kufunguka.

Kimo cha sanduku kifanye kipite matuta ya magurudumu, sentimita 30 mara nyingi inatosha. Ukifanya hivyo, kifuniko cha juu kinaweza kuenea bodi nzima kutoka ukuta hadi ukuta, na zile nafasi za pembeni mbele na nyuma ya matuta zinakuwa vijisanduku vyenye vifuniko vyake: kamba, jeki, chupa za maji. Vilevile hakikisha sakafu ya droo iko juu ya mlango wa nyuma ukiwa umelazwa, kwa sentimita mbili angalau, la sivyo droo itagonga bawaba. Na mlango huo ukilazwa unakuweka mbali na mizigo kwa karibu nusu mita, ndiyo maana droo fupi ya sentimita 60 ni hasara tupu. Ifanye ndefu iende mpaka karibu na kebini. Isitoke yote lakini. Theluthi ya mwisho ibaki ndani, na weka kizuizi cha mbao juu ya mgongo wa droo ili usije ukaivuta ikakuangukia miguuni.

Plaiwudi iwe ya marini, ile gundi yake isiyoyeyuka kwa maji. Shiti moja ya futi nane kwa nne, milimita 18, ina uzito wa kilo 30 na ushei. Hapa ndipo watu wanapopotea: wanataka kila kitu kiwe cha milimita 18, wanatumia shiti tatu, na gari linabeba kilo 100 kabla halijapakiwa hata msumari. Kuta na kifuniko vya 18, droo zenyewe za 12. Kitako cha droo kikiwa kirefu, kipigie mbao mbili za mkazo chini. Mbao hizo mimi nimetumia mvinje, kwa sababu umejaa huku kwetu na bei yake haitishi. Hujipinda usipokauka vizuri, kwa hiyo chagua uliokaa. Mvule ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu.

Plaiwudi hunywa maji kwenye kingo, si kwenye uso. Kila ukingo uliokatwa, na kila tundu la skrubu, lishibishe epoksi kabla ya kuunganisha. Usikubali resini ya kawaida ya faibaglasi ukaambiwa ni kitu kimoja. Ile ya poliesta haishikamani na mbao kama epoksi. Mafundi wa boti za uvuvi pale Watamu wanalijua hili na watakuuzia kiasi kidogo ukiwaomba kwa adabu. Paka mikono mitatu, yaani mara tatu, msasa mwepesi kati ya mkono na mkono. Halafu rangi au vanishi juu yake, kwa sababu epoksi haipendi jua. Kuna mzee mmoja alinishauri nipake sifa kama majahazi. Mbao zingedumu, sikatai, lakini nani atapanda na mimi gari linalonuka mafuta ya papa?

Skrubu na bolti: tazama kichwa cha bolti. Kikiandikwa A2, hicho ni chuma cha pua cha 304. Kikiandikwa A4, ni 316, chenye molibdeni, na ndicho kinachostahimili chumvi. A2 ndani ya sanduku itafaa, nje weka A4. Nati za chuma cha pua hushikana na bolti zake kama zimechomelewa ukizikaza kavu kwa haraka, kwa hiyo tia grisi kidogo kwenye uzi na ukaze polepole.

Kufunga sanduku kwenye gari ndiko kunakotaka makini kuliko yote. Usiliache likae kwa uzito wake. Droo mbili zilizojaa, zikivutwa pamoja, zinainua upande wa kebini. Na ukifunga breki ghafla, sanduku la kilo 150 na mizigo yake linakuja mbele. Tumia matundu ya bolti yaliyopo tayari, yale ya ndoano za kufungia kamba. Ukilazimika kutoboa, lala chini ya gari kwanza uone tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya ziko wapi. Usimtume mtu akuangalilie. Kila tundu jipya lipake rangi ya zinki papo hapo, weka washa ya plastiki kati ya chuma cha pua na bodi, na chini weka bamba pana ili bolti isirarue bati.

Chini ya sanduku weka vipande vya raba ya tairi kuukuu, unene wa sentimita moja au moja na nusu, vikielekea mbele na nyuma, visikate njia ya maji. Bodi ina matundu ya kutolea maji pembeni. Ukiyaziba, maji ya mvua yaliyochanganyika na chumvi ya Gongoni yatalala chini ya sanduku na utakuja kuona kutu ikitokea upande wa pili wa bati.

Vumbi linaingia zaidi kwa nyuma kuliko kwa mbele. Gari likikimbia, nyuma yake hewa inakuwa pungufu, basi vumbi linavutwa kupitia nyufa za mlango wa nyuma. Raba ya mlango wa gari, ile yenye tundu katikati, ibandike kuzunguka mlango wa nyuma na tena kwenye uso wa kila droo. Ukiwa na kanopi, fungua kidirisha kidogo cha mbele ili hewa iingie na kusukuma kwa ndani. Inasikika kinyume, lakini inafanya kazi, mradi usiwe unamfuata mtu nyumanyuma kwenye wingu lake.

Kuhusu Mokowe, hapo ndipo droo zetu zinapaswa kutofautiana na za Wamarekani. Gari linaishia kwenye gati. Ng'ambo, Lamu, mzigo wako utapanda boti, kisha mkokoteni, punda au bega la mtu. Kwa hiyo usigawanye ndani ya droo kwa kuta za kudumu. Tengeneza masanduku madogo ya plaiwudi ya milimita 9 yenye mashikio ya kamba, yapange ndani ya droo yakibanana, kila moja lisizidi kilo 20 likijaa. Moja la nyaya na viunganishi, moja la spana na koleo, moja la vipuri vya pampu. Ukifika gatini unanyanyua lile la kazi ya leo tu, mengine yanabaki yamefungiwa. Droo ya kulia mimi nimeiacha wazi bila masanduku, ya mabomba mafupi na drili. Hata kwenye vizuizi vya barabara ya Garsen na Witu utaona faida: askari akisema fungua, unavuta droo, anaona kila kitu, unakwenda zako.

Kufuli nunua la shaba, na hasipu, lile bamba la bawaba la kutilia kufuli, ifungwe kwa bolti zinazopenya mpaka ndani zenye nati, si skrubu za kuchomolewa kwa bisibisi. Vitu vizito vikae upande wa kebini, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiviweka mlangoni, gari linanyanyua pua na usukani unakuwa mwepesi kwenye lami.

Kabla hujaenda kwa fundi, pima upana kati ya matuta sehemu tatu, mlangoni, katikati na upande wa kebini, maana bodi nyingi hazilingani. Pima pia uwazi wa mlango wenyewe. Namba ndogo kuliko zote ndiyo ya kufanyia hesabu. Ziandike hapa pamoja na uzito wa pampu kubwa unayobeba, nikuchoree mkato wa shiti.