Tangi la samaki walao nyama: anzeni na tumbo, kioo baadaye

Wadogo zangu mnaojenga matangi ya samaki wa bahari, kila mchoro ninaoletewa siku hizi unaanza na kioo. Urefu, upana, kimo, rangi ya taa, mwamba upangwe vipi ili mteja akiingia ashangae. Kule chini kabisa, kwa kalamu nyembamba, ndipo pameandikwa: chewa 2, mkunga 1, kikande 1, laionfishi 3. Nawapenda, na mikono yenu ni misafi kuliko yetu tulivyokuwa tunaanza. Lakini hapo mmeanzia mwisho. Tangi la samaki walao nyama hupangwa kuanzia samaki aliyekwisha kukua, aliyeshiba, usiku ambao stima imepotea. Tatua hilo kwanza, vipimo vya kioo vitafuata.

Naandika kwa mtu anayejua skima, ile mashine ya kutoa uchafu wa maji kwa povu, inafanya nini, na ambaye ameshasubiri mzunguko wa naitrojeni (bakteria kugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu) hadi ukakamilika. Vya darasani sivirudii.

1. Samaki unayemnunua siye utakayemfuga

Chewa wa urefu wa kidole anatoka Shimoni, pwani ya kusini, ndani ya mfuko wa plastiki, mteja anampenda, nawe unampa tangi la urefu wa kidole. Fungua kitabu kabla ya kufungua mfuko. Yule mwekundu mwenye madoa ya buluu hufika karibu nusu mita, na huyo unaweza kuishi naye. Yule mtoto wa manjano na mweusi anayeuzwa kama pambo, *Epinephelus lanceolatus*, ndiye chewa mkubwa kuliko wote: hupita mita 2, na uzito wake huhesabiwa kwa mamia ya kilo. Hakuna sebule yake duniani. Mkunga mkubwa, *Gymnothorax javanicus*, hukaribia mita 3. Kikande wa titani hufika sentimita 75 na anang'ata kila kitu, pamoja na wewe.

Mteja akitaka mkunga, mpe yule mdogo wa madoa meupe na meusi, *Echidna nebulosa*. Kwa kawaida hazidi mita moja, meno yake ni butu kwa ajili ya kaa na kamba, na hatawamaliza wenzake usiku. Kuna kijana mmoja wa timu yangu, kijana mzuri sana, aliyeniambia mkunga na laionfishi "wamezoeana" kwa sababu walikuwa wamelala pango moja. Hilo si kuzoeana. Hapo kila mmoja bado anapima mdomo wa mwenzake. Kanuni ni moja: kinachoingia mdomoni ni chakula, na mdomo wa laionfishi hufunguka kuliko unavyodhani. Usimwekee samaki yeyote asiyezidi nusu ya urefu wake.

2. Sakafu

Maji ya bahari yana uzito wa kilo 1.025 kwa lita. Tangi lenye maji ya kina cha sentimita 90 linakandamiza sakafu kwa takriban kilo 920 kwa kila mita ya mraba, liwe refu au fupi, na hapo hujaweka kioo, mwamba wala stendi. Sakafu ya kawaida ya nyumba husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200. Kwa hiyo kuna mhandisi, au kuna ghorofa ya chini kabisa juu ya udongo. Ukiambiwa "sakafu hii ni ngumu, tulishaweka sefu hapa", kunja mchoro urudi nyumbani hadi mhandisi apatikane.

Tangi la mita 3 kwa 1.2 kwa 0.9 linabeba lita 3,240. Kulijaza mara ya kwanza kwa maji ya kuchanganya kunakula kama kilo 120 za chumvi, na kila ukibadilisha asilimia 20 ya maji unahitaji kilo 24 hivi. Mwambie mteja namba hizo siku ya kwanza, kwa sauti, mbele ya anayeshika pesa. Mombasa unaweza kuchota maji safi ya bahari na kuyachuja. Nairobi kila lita unaitengeneza.

3. Hewa

Hapa nitakaa.

Mimi nilijifunza kazi pwani. Matangi yangu ya mwanzo yalikuwa ya hoteli, usawa wa bahari, maji ya bahari, na shida yetu kubwa ilikuwa joto. Nilipopata kazi ya mgahawa mmoja Nairobi, tangi la zaidi ya lita 3,000, nilichukua mchoro wa pwani nikaupandisha bara kama ulivyo. Pampu zilezile, skima ileile, idadi ileile ya samaki. Nilibadilisha kitu kimoja tu: chila, mashine ya kupoza maji, nikaitoa, hita nikaziweka.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji yanayogusa hewa hiyo hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni kabisa yana miligramu 6.7 hivi kwa lita kule Mombasa. Nairobi ni kama 5.5. Skima uwe nayo ya ukubwa wowote, haiwezi kupita hapo kwa hewa ya kawaida. Kumbe samaki wangu walianza kila siku na akiba ndogo kuliko ndugu zao wa Nyali, Mombasa. Mchana huoni chochote. Maji yanazunguka, kila mtu anapumua, mteja anakusifu.

Mwenye mgahawa alitaka wageni waone samaki wakilishwa Ijumaa jioni. Nilikubali. Nilikubali kwa sababu ilipendeza: chewa anapanda, ngisi mzima anapotea kwa pigo moja, watoto wanapiga kelele. Sikufikiri juu ya kinachofuata ndani ya samaki. Mla nyama akishashiba, mwili wake unafanya kazi ya kumeng'enya usiku kucha, na matumizi yake ya oksijeni hupanda, mara nyingi hata maradufu, kwa saa nyingi. Kwa hiyo saa ile mgahawa ulipofungwa, taa zikazimwa na mimi nikaenda kulala, tangi lile lilikuwa linahitaji hewa kuliko wakati mwingine wowote wa wiki.

Stima ikapotea usiku wa manane. Jenereta ikawaka, kama nilivyoahidiwa. Ikawasha jiko, chumba cha baridi na taa za ngazi. Soketi za tangi zilikuwa kwenye laini nyingine. Nilikuwa nimemuuliza fundi wa stima wa jengo, akanijibu "iko", nami nikaandika kwenye daftari langu "jenereta ipo". Sikuwahi kuishusha swichi kuu kwa mkono wangu nikatazama pampu zinafanya nini. Kazi ya dakika chache.

Askari wa usiku alipopita aliwaona samaki wote wako juu, midomo kwenye uso wa maji. Yeye alichokijua ni kwamba samaki wakipanda juu wanaomba chakula, maana ndivyo alivyowaona kila Ijumaa. Akachukua ngisi kwenye ndoo akawatupia. Alifanya hivyo kwa huruma. Mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha kwamba samaki anayepiga midomo juu gizani anakosa pumzi, na kumwachia namba yangu kwenye ukuta.

Nilipofika asubuhi chewa alikuwa amelala ubavu, mashavu yamepanuka, mdomo wazi. Wakubwa ndio hutangulia. Alikuja kwangu akiwa wa kutoshea kiganjani. Mama aliyekuwa akifuta meza alikuwa anafuatwa naye kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, na alimpa jina. Laionfishi wote walikwenda. Kikande alikuwa amejikaza ndani ya mwamba kwa ule mwiba wake wa mgongoni, akafia humohumo, ikabidi nivunje mwamba kumtoa. Mkunga peke yake alikuwa hai, kichwa nje ya pango, anapumua taratibu. Ngisi wa askari walikuwa wamejaa chini, hawajaguswa, wanaoza, na bakteria wa kwenye vichujio waliokosa maji yenye hewa usiku kucha walikuwa wameanza kufa. Amonia ikapanda kabla ya saa sita mchana. Tulimhamisha mkunga kwenye pipa.

Mwenye mgahawa hakunigombeza. Aliniuliza kama waliteseka. Nilimwambia ndiyo.

Sasa sikilizeni. Kwa tangi la bara, punguza samaki kwa moja ya tano kabla hujaanza kubishana na mtu juu ya pampu. Maji yakae nyuzi 24 au 25, usiyapandishe hadi 28, maana maji yakiwa ya joto hubeba oksijeni kidogo na samaki huitumia zaidi. Weka pampu ya hewa ya betri inayowaka yenyewe stima ikikatika. Ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha yako, na ndicho kifaa ambacho kijana anakifuta mteja anapoomba punguzo. Lisha asubuhi, mara mbili au tatu kwa wiki kwa samaki waliokwisha kukua. Shusha swichi kuu mwenyewe, mbele ya mteja na fundi wake, ukae pale. Halafu mfundishe askari. Mfundishe kwa heshima, mpe namba, mwambie akupigie hata kama hana uhakika, na akikupigia bure mshukuru.

4. Sampu

Siku hiyohiyo unaposhusha swichi, tazama sampu, lile tangi la chini lenye pampu na vichujio. Tangi la mita 3 kwa 1.2 likishuka sentimita 4 tu limemwaga lita 144, na hizo lazima ziwe na nafasi chini. Bomba la kurudisha maji litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji ili lisinyonye kurudi nyuma. Tundu hilo huziba kwa mwani, lisafishwe kila mwezi.

5. Chakula

Msiwape samaki wa dhahabu wa maji matamu. Wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mafuta yao hayamfai samaki wa bahari. Laionfishi aliyezoeshwa hao huonekana mnono kwa muda, kisha anakataa kila kitu. Ngisi, kamba wenye maganda, kome, vipande vya samaki wa bahari vya aina tofauti, na vitamini mara moja kwa wiki. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, apewe vyenye gamba gumu, la sivyo meno yake yanakua hadi ashindwe kufunga mdomo, na utakuja kuyakata wewe. Bunju atakuomba chakula kila ukipita, anakutazama kwa macho yale. Kataa.

6. Kikande aingie mwisho kabisa

Akitangulia, tangi lote ni lake. Hita ziwe kwenye sampu, nyaya zisipite anapoogelea, na kifuniko kiwe na uzito juu yake, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mkunga, ambaye atapata upenyo ambao wewe na rula yako hamkuuona.

7. Karantini

Kila mgeni, hata aliyetoka kwa rafiki. Shaba hutibu ugonjwa wa vidoto vyeupe, lakini papa na taa (yule samaki bapa) usiwape shaba kabisa, na mkunga mwangalie sana. Vidoto vikishaingia tangi kubwa, ni kuwatoa samaki wote na kuliacha bila samaki kwa zaidi ya miezi miwili. Jaribu kumweleza hilo mwenye hoteli katikati ya Desemba.

Na samaki aliyemshinda mteja asirudishwe baharini, awe wa hapa au wa nje. Laionfishi wa Bahari ya Hindi na Pasifiki alionekana Florida mwaka 1985, biashara ya matangi ndiyo inayoshukiwa, na leo amejaa Karibi yote.

8. Mkono

Miiba ya laionfishi ina sumu mgongoni, tumboni na karibu na mkia. Ukichomwa, weka mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 45 zisizidi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto huivunja sumu hiyo. Mtu mwingine, ambaye hajachomwa, ayapime maji kwanza, kwa sababu mkono wenye maumivu yale hautambui kuwa unaungua. Kisha hospitali, hata maumivu yakipungua. Kwa hiyo hakuna anayeingiza mkono kwenye tangi hilo akiwa peke yake ndani ya jengo, na chupa ya maji ya moto inabebwa pamoja na ndoo na brashi.